Mtoto aliyesema "v" hakukosea

Ufundishaji wa kusoma umerudi kwenye sauti, yaani kumfundisha mtoto kila herufi inatoa sauti gani, na umerudi kwa kishindo. Tangu 2012 Uingereza imekuwa ikiwapima watoto wa mwaka wa kwanza kwa orodha ya maneno 40, nusu yake yakiwa maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, ili ijulikane kama mtoto anasoma sauti kweli au anakisia. Jimbo la Mississippi huko Marekani lilipitisha sheria yake ya kusoma mwaka 2013, na majimbo mengine mengi yakafuata. Sasa wimbi hilo limewafikia watoto wa chekechea wanaojifunza kwa Kiswahili: video za simu zenye nyimbo za herufi, chati za ukutani, kadi za picha, na walimu wanaoelekezwa waache majina ya herufi wafundishe sauti. Nalifurahia wimbi hili. Kinachonisumbua ni tafsiri tuliyoipa. Wengi wameelewa kwamba kufundisha sauti ni kumfanya mtoto wa miaka 3 au 4 atamke "b, ch, d, f" mapema iwezekanavyo, zote kwa mpigo, kwa kukariri, macho yakiwa kwenye chati. Hapo ndipo tulipopotea njia.

Hoja yangu ni kwamba konsonanti inayoanza neno ni kitu ambacho mtoto inabidi akigundue ndani ya maneno anayoyasema tayari, na hawezi kukigundua kwa kupewa kikiwa peke yake. Kazi inaanza sikioni na mdomoni, kisha herufi inakuja kukishika kile ambacho sikio limekinasa. Na kwa Kiswahili mlango wa kuingilia ni silabi. Tukinakili utaratibu wa Kiingereza kama ulivyo, tutakuwa tunafundisha sauti kwa kutumia maneno yanayoificha sauti yenyewe.

Tuanze na ugumu wenyewe, maana mtu mzima aliyezoea kusoma hauoni tena. Sema "ba", kisha "bi". Midomo imefunga mara zote mbili, lakini kwenye "bi" imeshaanza kutanuka kuifuata "i" kabla hata hujaifungua. Konsonanti na irabu zinatoka pamoja, zimelaliana. Mtafiti wa Marekani Alvin Liberman na wenzake wa maabara ya Haskins walikata kanda za sauti wakitafuta mahali "d" inapoishia na irabu inapoanzia, na hawakupapata. Wakikata kidogo, irabu bado ilisikika. Wakikata zaidi, kilichobaki kilifanana na mlio wa ndege, "d" imeshatoweka. Ndiyo kusema kwamba "b" ninayomwomba mtoto aisikie mwanzoni mwa "bata" haijasimama hewani ikimsubiri. Ubongo wa msikilizaji ndio unaoijenga, na unaijenga bila mwenyewe kujua.

Mke wa Liberman, Isabelle, akalipeleka swali hilohilo kwa watoto. Mwaka 1974 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya mchezo mmoja mwepesi: mtoto anasikia neno, anagonga meza mara moja kwa kila kipande chake. Kati ya watoto wa miaka 4, karibu nusu waliweza kugonga kwa silabi. Kwa sauti mojamoja hakuna hata mmoja aliyeweza. Kufikia mwisho wa darasa la kwanza, asilimia 90 waliweza kwa silabi na asilimia 70 kwa sauti. Mtu anaweza kudhani basi kwamba umri ndio unaoleta uwezo huo, tungoje tu. Lakini mwaka 1979 José Morais na wenzake waliwajaribu watu wazima wa Ureno. Wale ambao hawakuwahi kufundishwa kusoma walishindwa kwa wingi kuondoa sauti ya kwanza ya neno, ilhali wenzao waliojifunza kusoma ukubwani waliweza kwa wingi. Watu wazima wenye akili timamu, wanaozungumza lugha yao kwa ufasaha, hawakuisikia konsonanti kama kitu cha kukamatwa. Silabi huja karibu yenyewe. Konsonanti lazima ifundishwe.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu mtoto anasikiliza maana, na ndivyo lugha ilivyoumbwa itumike. Muulize wa miaka 4, "Neno lipi refu, nyoka au sisimizi?" Wengi watasema nyoka, na wanaweza hata kukunyooshea mikono kukuonyesha urefu wa nyoka. Muulize bata na bahari vinafanana nini, atakuambia bata anaogelea. Jibu ni zuri, ila ni jibu la maana. Kumfundisha sauti ya mwanzo ni kumwomba aiache maana kwa dakika moja alisikilize neno kama kitu kinachotoka mdomoni, jambo ambalo hajawahi kuombwa na mtu. Hatua hiyo ndiyo somo lenyewe, na ndiyo nyimbo za herufi zinayoiruka.

Sasa nije kwenye Kiswahili chenyewe, maana hapa ndipo kunakili kunapotugharimu zaidi. Niliwahi kuketi nyuma ya darasa la awali wakati mwalimu akionyesha kadi za sauti ya "k". Kadi moja ilikuwa na picha ya viti vitatu vimezunguka meza. "Hiki kinaanza na sauti gani?" Darasa zima likaitikia "k!", isipokuwa msichana mmoja wa mstari wa mbele aliyesema "v", kwa sauti ya chini. Mwalimu akamwambia kwa upole, "Hapana mama, sema kiti, k, k." Msichana akarudia "k, k" na hakusema kitu tena hadi kipindi kikaisha. Nimeifikiria ile kadi mara nyingi tangu siku hiyo. Yule mtoto ndiye pekee aliyeitazama picha, akalitaja neno kichwani mwake, akasikiliza linavyoanza. Alisema viti. Wenzake walikuwa wanajua tu kwamba siku hiyo ni siku ya "k".

Katika Kiingereza neno halibadilishi mwanzo wake likiwa wingi. Kinachoongezwa kiko mwishoni. Katika Kiswahili mwanzo wa neno ndio unaofanya kazi zote. Kiti, viti. Mtoto, watoto. Jicho, macho. Jino, meno. Ulimi, ndimi. Gari likiwa moja linaanza na "g", yakiwa mawili yanaanza na "m". Hata kitenzi: mtu anapika, kazi ni kupika, na "p" imejificha katikati. Kwa hiyo kadi ya kiti, kisu, kitabu na kikombe inayotumika kufundishia "k" inamfundisha mtoto kiambishi cha ngeli bila kukusudia, na inamweka kwenye hatari ya kuambiwa amekosea kila anapohesabu kilichomo pichani. Si kwamba maneno hayo yana ubaya wowote. Ni maneno ya siku za baadaye, mtoto akishakuwa na uhakika wa anachokisikiliza, na hapo mabadiliko ya kiti na viti yatakuwa mchezo mtamu kweli.

Chati za "m" na "n" zina tatizo zito zaidi, na sijaona likizungumzwa inavyostahili. Chini ya "n" utakuta nyumba, ndege au ngoma. "Ny" ya nyumba ni sauti nyingine kabisa, inayoundwa mahali pengine mdomoni. "Nd" ya ndege ni mwambatano unaotamkwa kwa mkupuo mmoja. Mtoto anayeambiwa kwamba nyumba, ndege na nanasi zinaanza sawa anaambiwa asiliamini sikio lake. Chini ya "m" mambo yamechanganyika vilevile: mbuzi ana silabi mbili, mbu-zi, na mwanzo wake ni "mb" iliyoshikana, mbu naye ana silabi mbili, m-bu, na "m" yake imesimama kama silabi kamili. Waswahili tunalijua jambo hili hata kama hatujalisomea: mbuni ndege hatamkwi kama mbuni mtu anayebuni, ingawa kwa maandishi hawatofautiani. Mtoto wa miaka 5 anaisikia tofauti hiyo. Chati ndiyo haiisikii. Halafu kuna chati zilizochukua herufi 26 za Kiingereza zikambandikia mtoto "c", "q" na "x", wakati Kiswahili hakina "q" wala "x", na "c" haina kazi mpaka ishikane na "h".

Nije kwenye hoja za wanaotofautiana nami, na ya kwanza naiheshimu sana. Wapo wanaosema: tuache hizi konsonanti, tubaki na ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili ni lugha ya silabi wazi, karibu kila silabi inaishia kwa irabu, maandishi yake hayana vitendawili, na vizazi vimejifunza kusoma kwa kuimba silabi. Wana ushahidi upande wao. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliolinganisha lugha 13 za Ulaya, na mwishoni mwa mwaka wa kwanza watoto wa Kifini, lugha ambayo maandishi yake yanafuata matamshi kama yetu, walisoma sahihi takriban asilimia 98 ya maneno ya kawaida, huku wa Kiingereza kule Uskoti wakiwa kwenye asilimia 34. Mtoto wetu amezaliwa upande wa Kifini wa mstari huo, na ni busara kujiuliza kwa nini tumpe dawa iliyochanganywa kwa ajili ya Kiingereza. Nakubali kabisa kwamba silabi ndiyo mlango. Ninachokataa ni kubaki mlangoni. Mchukue mtoto anayeimba ba, be, bi, bo, bu bila kukwama, umwonyeshe "bo" peke yake: mara nyingi atarudi mwanzo aimbe hadi aifikie. Anajua wimbo. Kiswahili kina silabi za kawaida zaidi ya 100 kabla hujagusa mbwa, ngwe na njia, na mtoto anayezibeba kila moja kama picha yake atachoka mapema. Anayegundua kwamba ba, be na bi zina kitu kimoja mwanzoni, na kwamba ndicho kilekile midomo inachokifanya, hahitaji kufundishwa "bu". Ataisoma mwenyewe. Ugunduzi huo ndio unaoitwa konsonanti, na silabi zilizopangwa pamoja ndizo zinazouwezesha, mradi mwalimu asimame hapo aulize: mdomo wako umefanya nini mara zote hizi?

Wengine wanasema watoto wa miaka 4 waachwe wacheze. Nao wana la kutuambia. Wafini haohao wanaanza shule ya msingi wakiwa na miaka 7, na matokeo tumeyaona. Ila nadhani wanapigana na adui asiyehusika. Kazi ya sauti ya mwanzo ikifanywa inavyotakiwa ni mchezo wa dakika 5 au 10, hauhitaji daftari wala kalamu. Mwalimu anasema, "Nitatoa amri, mtafanya: simama, sema, sukuma, sogea." Watoto wanafanya, kisha anauliza maneno yale yote yalianzaje. Vitenzi vya amri ni hazina kwa kazi hii kwa sababu vimevuliwa viambishi, na mtoto anavikumbuka kwa mwili wake. Majina ya watoto wenyewe pia ni hazina: Musa, Mariamu na Mosi hawabadiliki kwa wingi wala umoja, na hakuna sauti ambayo mtoto anaipenda kuliko ile inayoanza jina lake. Wala kazi hii haihitaji miaka. Jopo la kitaifa la Marekani lililochambua tafiti za usomaji liliripoti mwaka 2000 kwamba mafunzo ya sauti yaliyochukua jumla ya saa kati ya 5 na 18 yalizaa matokeo makubwa kuliko yale marefu zaidi. Hizo ni dakika chache kwa siku katika muhula mmoja au miwili. Mchana wote uliobaki ni wa mtoto kucheza.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo iliyoenea kuliko zote: kwamba mtoto anayeweza kutaja sauti za herufi zote akiwa na miaka 3 ameshaanza kusoma, kwa hiyo anayewahi ndiye anayefanikiwa. Wazazi wanarekodi video, shule zinaziweka kwenye matangazo. Naelewa furaha ya mzazi, na mapenzi yaliyomo ndani yake ni ya kweli. Lakini kutaja "b" unapoonyeshwa umbo la b ni kuunganisha picha na mlio, kazi ileile anayoifanya akiona paka akasema "nyau". Haionyeshi kwamba mtoto anajua "b" imo ndani ya bata, bahari na baba. Tena mara nyingi mlio wenyewe umepotoshwa. Konsonanti kama b, d na g haziwezi kutamkwa peke yake bila kuvuta kairabu nyuma yake, na video nyingi zinatumia ile "bə" ya Kiingereza, yenye irabu hafifu (ə) ambayo Kiswahili hakina kabisa. Mtoto anajaribu kuunganisha bə-a-tə-a na bata haonekani. Kisha tunasema mtoto ana tatizo la kuunganisha sauti. Hana tatizo, tulimpa vipande visivyoungana. Mwalimu anayemwambia "ba, ta" amempa vipande vinavyoungana, na kutoka hapo anaweza kurudi nyuma kuitafuta "b" kwa utulivu.

Hili linabadilisha mpangilio wa kufundisha. Tunaanza na b, ch, d kwa sababu ndivyo alfabeti ilivyopangwa, lakini mpangilio wa alfabeti unafaa kwa kamusi. Sikio linaomba tuanze na zile zinazovutika: m, s, f, n, l. Unaweza kusema "sssimba" na sauti ikakaa muda wa kutosha kumruhusu mtoto aishike. Unaweza kumpa kioo aone midomo ilivyofunga kwenye "mmmamba". Unaweza kumwekea kidole kooni asikie tetemeko la "z" linalozimika kwenye "s". Baada ya hizo nne au tano kukaa vizuri ndipo zije t, k, p na b, ambazo zinatoka na kutoweka hapohapo, na zisikilizwe kupitia silabi. Zile ambazo ulimi wa mtoto bado haujaziweza, r, th, dh na gh, zinaweza kungoja. Mtoto anayesema "lula" akikusudia rula mara nyingi anaisikia tofauti vizuri kabla hajaweza kuitamka, na kumsahihisha mbele ya wenzake katikati ya mchezo wa kusikiliza ni kumwadhibu kwa kosa la ulimi katika mtihani wa sikio. Na maneno ya kuanzia yawe yale yasiyobadili mwanzo wake: simba, samaki, simu, sabuni, fisi, farasi, figo, meza, mamba, mama, paka, punda, pua, taa, tembo, twiga. Hayo ni mengi kuliko mwalimu anavyoweza kuyamaliza.

Herufi nayo isiachwe mbali. Sitaki nieleweke kwamba nadai mwaka mzima wa kusikiliza kabla ya kuandika, kwa sababu ushahidi unakwenda kinyume na hilo: jopo lile la 2000 lilikuta mafunzo ya sauti yanafaa zaidi yanapofanywa pamoja na herufi, na watu wazima wa Ureno wanatuambia kwamba maandishi yenyewe yanalinoa sikio. Nalotaka ni mfuatano ndani ya somo moja. Watoto wasikie simba, sabuni na simama, waone kinachofanana, waitamke, kisha mwalimu aandike s na kusema hii ndiyo alama yake. Dakika mbili za kusikia kabla ya kuona zinatosha kugeuza maana ya somo zima. Wanaofundisha Kiswahili na Kiingereza kwa watoto walewale watapata faida ya ziada, kwa kuwa konsonanti ndizo zinazokubaliana zaidi kati ya lugha hizi mbili. M, s, f, n, l, t, k, p na b zitamfuata mtoto kule karibu bila kubadilika, wakati irabu zitampa taabu kubwa.

Mabadiliko haya hayahitaji pesa nyingi. Yanahitaji mtu apitie kadi na chati zilizopo na kuziondoa ndege kwenye "n" na viti kwenye "k". Yanahitaji mwalimu aliyefundishwa kuitambua silabi ya "m" kwenye mbu, na anayewasikiliza watoto mmojammoja, kwa kuwa kwenye kiitikio cha darasa zima asiyejua hajulikani, na aliye sahihi peke yake, kama yule msichana wa mstari wa mbele, anazimwa. Na tubadilishe tunachokiandika kwenye ripoti za wazazi. Badala ya "anatambua herufi zote", mwalimu aweke mezani picha tatu zisizo na herufi, simba, sabuni na tembo, azitaje kwa sauti na amwombe mtoto aondoe moja isiyofanana na wenzake inavyoanza. Atakayeiondoa sabuni kwa sababu si mnyama bado anasikiliza maana, na anahitaji wiki chache zaidi za michezo ya masikio, hata kama anaimba herufi zote kwa ufasaha. Atakayemwondoa tembo ameshaisikia "s".